Cansilde Alionja Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja jioni hii. Ninyi mlioko Gisenyi mjini, ninyi wa Mahoko mnaofunga vibanda sasa hivi, na ninyi jamaa zetu wa Goma mnaotupata kutoka ng'ambo ya mpaka. Punguzeni kidogo kelele za nyumbani. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina lisilo lake.

Mnamjua kama Nyirasafari. Yule mama mkwe wa kwenye televisheni, katika mchezo wa "Nyumba ya Ukweni". Yule ambaye akitokea tu kwenye kioo, watu walisonya na kutoka nje kuvuta sigara. Huyo Nyirasafari hakuwahi kuwapo. Alitungwa. Aliyekuwapo ni Cansilde, mjane wa Mbonigaba fundi seremala, mkazi wa mtaa ulio juu kidogo ya Grande Barrière, kile kituo kikubwa cha kuvukia mpaka. Cansilde amefariki mwezi huu wa Novemba, mwaka huu wa 1999. Tumemzika Jumatano. Tunalirudia jina ili likae vichwani mwetu: Cansilde.

Alizaliwa Bugeshi, kule juu kwenye baridi, chini ya volkano. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua, na hakujali kuujua. Kaka yake, mzee Habimana, bado analima viazi huko. Alituambia hivi: "Akiwa mutoto alikuwa anaongea na ng'ombe siku muzima. Sisi wengine tulikuwa tunachoka, yeye hapana. Kimya kilikuwa kinamusumbua."

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Kimya kilikuwa kinamsumbua.

Aliolewa na Mbonigaba, akashuka mjini. Mbonigaba alikuwa fundi mzuri lakini mtu wa kupitiliza. Siku moja alitengeneza benchi la mkaratusi refu mno, halikuingia kwenye nyumba ya mteja yeyote. Mkewe alimcheka mwaka mzima. Benchi likabaki nje ya mlango wao, limeegemea ukuta. Kisha Mbonigaba akafa. Kisha vijana wao wawili wakapotea katika miaka ile. Hatuna haja ya kuieleza miaka ile. Kila nyumba ya hapa inayo ya kwake.

Nyumba ikawa kimya. Na huyu ni mtu ambaye kimya kilimsumbua tangu utotoni.

Alifanya nini? Alianza kupika ikigage, pombe yetu ya mtama. Alijaza mtungi, akafungua mlango. Wanawake wanaovuka mpaka kila siku wakirudi na mizigo kutoka Goma, walipanda kile kilima, wakaona benchi refu lisilo na mtu, wakakaa. Siku ya kwanza mmoja. Baadaye benchi halikutosha. Mbonigaba, popote alipo, nadhani alijiona ameshinda ubishi.

Sasa tunajua sote jinsi kinywaji kinavyotolewa kwetu. Anayekupa huonja kwanza, mbele ya macho yako. Ndivyo anavyokwambia bila maneno kwamba ndani hamna kitu, unywe kwa amani. Cansilde alikuwa na namna yake. Alijaza kibuyu, akaonja, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, kisha akakupa. Aliongea muda wote huo. Alikugombeza pia, maana ulimi wake haukuwa laini na uso wake haukuwa wa kuchekacheka. Lakini mkono ulikuwa umeshafika kwako na kibuyu.

Basi mwaka huu, ulipoanza, usalama ukarudi, watu wakaanza tena kukaa nje jioni. Na kijana mmoja anayeitwa Kimenyi akaja mjini na kamera ya kuazima.

Kimenyi alizaliwa Tabora, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akakulia shule za bweni. Alirudi nchini akiwa mtu mzima, na Kiswahili kilichonyooka na Kinyarwanda cha kuokoteza. Kwa vinywaji, alijua soda. Hatusemi haya kumcheka. Yatatufaa huko mbele.

Alikuwa anatafuta mtu wa kuigiza mama mkwe. Mchezo ulikuwa umeandikwa na Valens, mwalimu wa hapa hapa Gisenyi, na kituo cha televisheni kilikuwa kimekubali kuuonyesha kila Jumapili. Mama mkwe wa Valens alikuwa mkali wa maneno lakini mwenye moyo; alitakiwa kuchukiwa mwanzoni na kupendwa mwishoni. Kimenyi akapita kile kilima mchana mmoja, akamkuta Cansilde anamfokea Belyse, muuza nyanya, kwa kuvuka mpaka akiwa na homa. Alikuwa anamfokea huku anamfunika kwa kitenge chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Kimenyi akasema.

Cansilde hakujua kuitikia salamu hiyo. Alisema, "Karibu. Keti, unazuia jua."

Akaketi, akaeleza habari ya mchezo. Liliane, binti wa mzee Habimana aliyeolewa Goma, alikuwapo siku hiyo. Anasema shangazi yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu.

"Mi nitafanya nini huko?"

"Utakuwa wewe mwenyewe, mama. Ila kwa jina lingine."

"Na mutakuwa munakuja kila siku?"

"Kila siku, mpaka tumalize."

"Basi, mi niko."

Hakuuliza kama atapendeza. Hakuuliza nani atamwona. Aliuliza kama watakuja. Na walikuja. Walipigia picha nyumbani kwake, na nyumba ikajaa nyaya, taa, vijana wenye njaa na vicheko. Liliane anasema hakumwona shangazi yake na furaha ile tangu Mbonigaba alipokuwa hai.

Sasa tufike kwenye kipande chenyewe. Katika maandishi ya Valens palikuwa na mstari mmoja: mama mkwe anampa mke wa mwanawe kinywaji. Basi. Kamera ikawashwa. Cansilde akajaza kibuyu, akaonja, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akampa yule binti. Kama alivyofanya maisha yake yote. Kamera ilimwona, na watu waliokuwa chumbani walimwona.

Lakini kipindi kilitakiwa kisizidi muda kiliopewa. Kimenyi akakaa mbele ya mashine ya kukatia picha, akawa anatafuta vipande visivyosogeza hadithi. Akafika hapo. Mama anaonja, mama anafuta, hakuna linalotokea. Akakata. Katika kanda iliyorushwa hewani, mkono wa mama mkwe unatoka mtungini na kwenda moja kwa moja kwa binti. Binti anakunywa. Na mwisho wa kipindi, binti anatapika.

Ilikuwa mimba, wasikilizaji wapendwa. Valens alikuwa ameandika mimba. Alitaka tukae wiki nzima tukijiuliza, kisha Jumapili inayofuata tufurahi. Alidhani huo ni ufundi, na kwa kweli ulikuwa ufundi.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano. Baa ya Damascène ilijaa mpaka mlangoni, kwa sababu televisheni yake ndiyo kubwa kuliko zote mtaani. Damascène mwenyewe anakumbuka. "Watu walikuwa wanapiga kelele, wanacheka. Ule mama akatoa kinywaji. Bar yote ikanyamaza. Mi nilikuwa namimina bière, nikabaki na chupa mukononi."

Hakuna aliyelitaja neno. Sumu ni neno ambalo watu wetu hawalitamki ovyo. Watu walimaliza chupa zao wakaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata, walipoambiwa kwamba ni mimba, hakuna aliyesadiki. Kila mmoja alikuwa ameona kwa macho yake.

Cansilde hakuona. Hakuwa na televisheni, na mama wa rika lake hakai baa. Alijua tu kwamba Jumatatu ile alijaza kibuyu, akaonja, akafuta, akamnyooshea Belyse. Mkono wa Belyse haukuja.

"Leo niko nafunga, Mama."

Akamgeukia mwingine. Huyo tumbo lilimuuma. Wa tatu alikuwa na haraka, mtoto anamngoja. Jumanne wakatua mizigo na kupumzika wamesimama. Kabla wiki haijaisha walikuwa wanapita njia ya chini, ile ndefu yenye matope, wakisalimia kwa mbali. "Mwiriwe, Mama." "Mwiriwe neza." Heshima haikupungua hata kidogo. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mtu akikutukana, unajua pa kumjibu. Lakini mtu anayekuambia kwa upole kwamba amefunga, utamjibu nini?

Baada ya muda uvumi ukapata miguu. Wakasema ndiyo, anaonja, lakini mtu wa namna hiyo huficha kitu chini ya ukucha, akadondosha baada ya kuonja. Cansilde hakuusikia uvumi wote, ila alimwona mtu akiangalia vidole vyake. Alikwenda ndani akakata kucha mpaka damu ikatoka. Kesho yake akakaa benchini, mikono ameiweka magotini, vidole amevinyoosha, ili kila apitaye aone. Walipita.

Kwenye televisheni mambo hayakuwa mazuri pia. Kituo kilisema watazamaji hawamtaki Nyirasafari. Si kwamba walimchukia kama unavyomchukia mtu mbaya wa kwenye hadithi, ukamngoja kwa hamu. Hapana. Hawakutaka kumwona kabisa. Kwa hiyo Kimenyi, Valens na Damascène walipanda kilima kumwambia kwamba anaondolewa. Damascène alikuja kwa sababu mchezo ulikuwa unamjazia baa, na akajiona ana sauti.

Wakaketi benchini, watatu, na benchi bado likabaki tupu zaidi ya nusu. Wakabishana mbele yake.

"Nilimwandika mama mkali mwenye upendo," Valens akasema. "Ukali tumeuona. Upendo hakuuonyesha. Donc, ni uchezaji."

"Alicheza kila nilichomwomba," Kimenyi akajibu. "Maneno ndiyo yalikuwa makavu. Hakuna mchezaji anayeweza kulainisha maneno yale."

"Bon, musigombane," akasema Damascène. "Tatizo iko kwa kuchagua mutu. Mama, unisamehe, lakini sura yako iko nguvu. Mutu akiona ile sura, anaogopa tu. Mungechukua mama mwenye kucheka."

Mwandishi, mchezaji, mchaguzi. Walizunguka hapo mchana mzima. Wawili kati yao, Valens na Damascène, walikuwa wamekiona kile kibuyu kisichoonjwa. Wote wawili walidhani Cansilde alisahau. Na wote wawili waliona aibu kulitaja jambo lile mbele ya mama wa watu. Kimenyi hakutaja kwa sababu hakujua kuna la kutaja. Adabu ya wawili na ujinga wa mmoja, na katikati mama amekaa anawaangalia.

Akawaletea kinywaji. Akaonja, akafuta. Kimenyi akapokea akanywa kidogo, uso umekunjamana. Valens akasema ana kipindi cha kufundisha.

Walipoondoka, Cansilde alikopa kioo kwa jirani. Tunalijua hili kwa sababu jirani ndiye aliyetuambia. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimsikia mama yule kupitia ukuta, akijisalimia mwenyewe kwa sauti mbalimbali. "Karibu." Kisha tena, kwa ulaini, "Karibu." Alikuwa anajifunza kucheka. Mama wa umri ule, aliyezika mume na kukosa hata makaburi ya wanawe, anajifunza kucheka mbele ya kioo cha kuazima, kwa sababu ameambiwa sura yake inafukuza watu. Inauma, wasikilizaji wapendwa. Hatutaficha kwamba inauma.

Na aliendelea kupika. Kila wiki mtungi ulijaa, kila wiki ulichacha, kila wiki aliumwaga nyuma ya nyumba na kuanza upya. Mtu wa peke yake hamalizi mtungi.

Mwezi wa kumi Liliane alivuka kuja kumtazama. Alikuwa ameukosa mchezo wote, lakini wiki moja kabla shemeji yake wa Goma alimwonyesha kanda. Alimkuta shangazi yake amekonda. Na kwa kuwa ni damu moja, hakuwa na adabu ile ya watu wengine. Aliuliza moja kwa moja.

"Tantine, mbona siku ile haukuonja?"

"Siku gani?"

"Kwa televisheni. Ulimupa ule bibi-harusi kinywaji bila kuonja. Watu wote waliona."

Liliane anasema shangazi yake aliketi chini, pale pale mlangoni. Kisha akasema, "Mi nilionja. Tangu nizaliwe sijapatia mutu kinywaji bila kuonja." Akajifunga kitenge, akashuka mjini bila kumngoja Liliane, kumtafuta Kimenyi.

Alimkuta anakula. Hakumsalimia.

"Kijana. Nilionja ama sikuonja?"

Kimenyi hakuelewa. Liliane, aliyekuwa amemfuata mbio, akamweleza. Alimweleza kile ambacho kila mtoto wa hapa anakijua kabla hajajua kuhesabu. Kimenyi aliweka kijiko chini.

"Ulionja, mama," alisema. "Nilikata mimi. Niliona kinachelewesha hadithi."

Siku hiyo hiyo alimwendea Valens. Valens aliposikia, alishika kichwa. "Sikuandika 'aonje'," alisema. "Nani anaandika 'apumue'?"

Mnaona sasa, wasikilizaji wapendwa. Watu walibishana miezi kama tatizo ni maandishi, ni uchezaji, au ni sura ya mtu aliyechaguliwa. Maandishi yalikuwa sawa. Mchezaji alicheza sawa. Aliyechaguliwa ndiye hasa aliyefaa. Kilichokosekana ni kitendo kidogo ambacho aliyekiandika hakuona haja ya kukiandika, na aliyekikata hakujua ni kitu.

Kimenyi aliahidi kukitafuta kile kipande na kukionyesha baani kwa Damascène, mbele ya watu wote. Alikwenda Kigali, akarudi mikono mitupu. Kanda zilikuwa chache na zilitumika tena na tena. Juu ya kile kipande palikuwa pamerekodiwa harusi ya mtu. Akamwambia Cansilde waiigize upya.

"Hapana," Cansilde alisema. "Nikionja sasa watasema umenifundisha."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Keti kwa benchi. Kunywa, watu waone."

Aliketi. Tumpe haki yake. Wiki ile nzima, jioni kwa jioni, alikaa pale akinywa ikigage asiyoipenda. Wapita njia waliangalia wakasema, huyu wa kutoka nje hajui kitu. Halafu akaitwa Kigali kwa kazi. Alisema atarudi Jumapili ya pili ya Novemba, na atakuja na wenzake wa ule mchezo, wote, wanywe pale benchini mchana kweupe. Cansilde akaanza kupika kwa ajili ya Jumapili hiyo. Kifua kilikuwa kinambana na mvua zilikuwa zimeanza. Alipika hivyo hivyo.

Alifariki kabla ya Jumapili. Belyse ndiye aliyemkuta. Alipita asubuhi njia ya juu kwa sababu ile ya chini ilikuwa imefurika, akaona mlango wazi na benchi limefutwa maji ya mvua, likiwa kavu mwanzo hadi mwisho. Akaita. Akaita tena. Ndani mama alikuwa amelala, na mtungi umejaa, umefunikwa kwa jani la mgomba.

Jumatano, baada ya mazishi, watu walirudi nyumbani kwake kunawa mikono kama ilivyo desturi. Walikuwa wengi. Wote waliopita njia ya chini walikuwapo. Mtungi ukatolewa nje, ule ule aliouacha, na hapo watu wakaanza kutazama miguu yao. Mzee Habimana alikuwa amezidiwa, hakuweza kusimama. Liliane alikuwa analia. Aliyeinuka ni Kimenyi, aliyerudi kutoka Kigali kwa ajili ya msiba.

Alijaza kibuyu. Akaonja, mbele ya macho yao, kwa utulivu, muda wote ambao kitendo kile kinautaka. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, kama alivyomwona mama akifanya kwenye kamera. Akamnyooshea Belyse.

Belyse alipokea akanywa. Kisha akakumbatia kile kibuyu kifuani akasema maneno ambayo wengi wenu mliokuwapo mliyasikia. "Nilikuwa najua kama haiko na kitu. Siku zote nilijua. Niliogopa tu kuonekana nikikunywa."

Wanawake wakasogea mmoja mmoja, wakakaa, benchi likajaa, wengine wakasimama. Wakanywa. Mtungi ukaisha kabla jua halijazama, na mwenyewe hakuwapo kuuona ukiisha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi katika redio hii, tunampa pole mzee Habimana huko Bugeshi. Tunampa pole Liliane na wa kwake huko Goma. Kimenyi na Valens, poleni nanyi. Mungu ampokee Cansilde mahali penye watu wengi.

Na sisi tuliobaki, kabla hatujalala, tujiulize. Kuna mlango gani tulioacha kupita kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa mbali na hatukumwuliza mwenyewe? Nani tunamwambia tumefunga, na hatujafunga? Kama yupo, kesho mpandieni. Mwacheni aonje, nanyi mpokee.

Nyumba ya Cansilde imefungwa. Benchi Liliane ameliacha nje.